Taa ya Mlangoni kwa Mama Yako

Karakana ya Cheche,
Nyuma ya Kanisa.
Jumanne jioni, 8 Oktoba.

Mpendwa dada yangu, Bibi Maswali,

Salamu zikufikie zikiwa bado za moto. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na yule mpwa wangu aliyerithi kichwa changu, ameshapata kofia inayomtosha? Mwambie asione haya. Kichwa kikubwa ni ghala, siku moja kitajaa, na kama hakikujaa basi atakuwa fundi kama mjomba wake.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" makusudi, utaona mbele. Mimi nazidi kupendeza, nywele zimepungua lakini uso umeongezeka. Mama yako, shangazi yangu kipenzi, yu mzima na anatembea kwa kasi kuliko mimi. Jana alinipita njiani akaniuliza kama nimesimama kusubiri mtu.

Barua hii utaletewa mkononi na yule mzee wa kanisa mwenye sauti ya ng'ombe, anayekuja huko kumwoza binti yake. Mpe chai nyingi, ana safari ndefu na mdomo mrefu zaidi. Ningeweza kupiga simu, lakini siku hizi sipendi kusema mambo haya nikiwa sijui nani yuko nyuma ya ukuta. Tena Jumapili ulinikatia kabla sijafika katikati ya habari. Neno lako la mwisho lilikuwa, "Cheche, panda ngazi uizime hiyo taa ya mama yangu, na usiniambie neno jingine." Nami nikasema sawa. Sasa nakuandikia ili ujue nimefanya nini. Usiruke mistari kutafuta mwisho, nakujua tangu utotoni.

Wewe umeambiwa vipande vipande, kila mtu kwa kipande chake. Ngoja nikupe nguo nzima.

Mwaka jana Mchungaji alisimama mbele akasema amechoka kuuombea mji akiwa amefunga madirisha. Akasema kanisa lenye taa ndani na giza mlangoni halina tofauti na duka lililofungwa. Ikaundwa Kamati ya Maono, na karibu wajumbe wake wote walikuwa wanavaa miwani. Nililisema hilo pale pale kikaoni, nikaambiwa nikae chini.

Lakini yale maono yalinishika, dada. Mimi unanijua, kanisani nilikuwa mtu wa harusi na misiba, na kwenye misiba nilikuwa nafika wakati wa kula. Safari hii nikafika mapema. Walizibua mitaro ya sokoni, wazee kwa vijana, na Mchungaji mwenyewe akiwa na tope mpaka magotini. Wakafungua chumba cha kupimia watu presha. Wakaanzisha darasa la jioni la watu wazima, nami nikawa najisogeza nyuma nikijifanya nakagua swichi, maana mimi na darasa la sita tuliachana bila kuagana. Barua hii isingekuwa na nukta na mikato bila darasa lile. Kila mkato unaouona hapa una jasho langu.

Kisha wakaufikia uchochoro.

Unaukumbuka: unaanzia kwenye geti la kiwanda cha nguo, unapita katikati ya maghala, unapanda mpaka mlangoni kwa mama yako ndipo utokee barabara kubwa. Wanawake wa zamu ya jioni hawana njia nyingine. Humo ndimo alimoshikwa yule msichana anayeshona vifungo kiwandani, yule aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Alipatikana asubuhi yu hai, na tangu siku hiyo hajatamka neno. Kwayani bado anakuja. Anasimama pale pale pake, kitabu mkononi, mdomo umefungwa. Hakuna aliyethubutu kuchukua nafasi yake, na kila wimbo unaanza na pengo.

Mchungaji akaniita. "Fundi, tunaweza kuutia mwanga uchochoro ule?"

"Mchungaji," nikamwambia, "nikimaliza mimi, hata mbu watatafuta miwani ya jua."

Wakubwa wa mji walikuwa wameshasema hakuna nguzo wala mpango wa nguzo. Basi kila nyumba iliyokubali ikatoa umeme wa mita yake, kanisa likanunua balbu na waya, mimi nikafunga holda ya kushikia balbu juu ya kila mlango. Kazi safi, dada. Waya umenyooka kama umechorwa na malaika mwenye rula.

Hapo ndipo upendo ulipotuponza. Mama mmoja wa Kamati akasema waliojitolea wasisahaulike. Chini ya kila taa tukapigilia kibao cheupe chenye herufi za bluu. TAA HII NI SADAKA YA FUNDI VIATU. TAA HII NI SADAKA YA MUOKA MIKATE. Cha mama yako kikaandikwa SADAKA YA MKUNGA WETU, akakisoma mara mbili kisha akadai kwamba herufi zimepinda. Tulipiga makofi, tukaimba, tukala keki. Watu wote wale wenye akili, na mimi juu yao, hakuna aliyewaza kwamba kibao kinaweza pia kusomwa na mtu asiyependa taa.

Mimi nililalamikia kitu kimoja tu, kwamba jina langu halikuandikwa popote. Wakaniambia malipo yangu yako mbinguni. Nikawaambia mbinguni hawana shida ya umeme, mimi nataka wateja wa hapa chini.

Kwa muda ilikuwa raha tupu. Wanawake wa zamu walikuwa wanapanda uchochoro wakicheka kwa sauti, wakitaniana kuhusu waume zao, mpaka waume wakawa wanafunga madirisha. Watoto walicheza mpira chini ya taa. Yale malori yasiyo na namba yaliyokuwa yakija maghalani gizani yakaacha kuja. Hilo hatukulitia akilini. Nani anayakumbuka malori wakati anacheka?

Aliyeanza ni fundi viatu, nyumba ya chini kabisa. Asubuhi alifungua mlango akakuta balbu yake kizingitini, imesimamishwa kwa kitako chake kama yai. Imefutwa vumbi inang'aa. Nilikagua holda nisione mkwaruzo. Mtu alikuwa ameizungusha polepole na kuitoa kwa adabu. Nikacheka nikamwambia, "Mkeo amechoka kukuona sura." Nikairudisha.

Siku chache baadaye balbu ile ile ilikutwa ndani. Ilikuwa mezani kwake, katikati ya vikombe, imesimama vile vile. Mlango ulikuwa na komeo, dirisha lina nondo, na hakuna kilichoibwa, hata kijiko. Safari hii fundi viatu hakucheka, nami nilitafuta mzaha mfukoni nisiupate. Akaniambia, "Cheche, acha tu. Ikae kabatini."

Ikafuata ya muoka mikate. Mara ya kwanza kizingitini. Nikairudisha. Mara ya pili ilikuwa juu ya mto wa mtoto wake, karibu na shavu, na mtoto amelala fofofo. Huyo hakuniomba nije kuiondoa. Aling'oa waya mwenyewe kwa mikono, na kibao akakitia motoni.

Ndivyo ilivyopanda, nyumba kwa nyumba, kutoka maghalani kuja juu. Wengine walizima wenyewe kabla ya kufikiwa. Hakuna aliyengoja kujua mara ya tatu inakuwaje.

Tulikwenda polisi, mimi na Mchungaji. Yule afande alikuwa mpole.

"Kimevunjwa nini?"

"Hakuna."

"Kimeibwa nini?"

"Hakuna."

"Nani ameumizwa?"

"Bado."

Akaiweka kalamu chini. "Sasa mzee wangu, nikuandikie kwamba kuna mtu anawafutia vumbi balbu zenu?"

Nilitaka kukasirika, lakini jinsi alivyolisema ni vile vile ningelisema mimi.

Kamati ikakaa. Wapo waliosema taa ziondolewe tubaki na maombi. Mchungaji akasema yeye aliomba kabla ya kuweka taa, na jibu alilopata lilikuwa waya. Aliposema hivyo watu walicheka, ila yeye hakucheka. Amekonda, dada. Suti ile ya Jumapili sasa inamvaa yeye. Bado anahubiri kwamba mji huu utafanywa upya, lakini siku hizi akilitamka neno hilo anautazama mlango.

Wiki iliyopita nilipata mteja. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, na viatu, dada, viatu havina hata chembe ya vumbi, na hapa kwangu hata barabara yenyewe ni vumbi. Nilimpa jina hapo hapo moyoni: Kiatu Safi. Aliniletea taa ya mezani nimtengenezee. Nikaichomeka, ikawaka.

"Bosi, hii ni nzima."

"Najua," akasema. "Nilitaka kuona mkono wako. Watu wanakusifu sana."

"Wanaonisifu bado hawajanijua vizuri," nikamwambia. "Wakinijua watazimia."

Akatabasamu. Akaangalia kufuli langu lililokuwa limening'inia mlangoni, lile kubwa ninalojivunia, ambalo muuzaji aliniapia kwamba hata yeye hawezi kulifungua. Akalinyanyua kidogo kama mtu anayepima nyama. "Zuri," akasema. "Watoto hawajambo? Bado wanalala chumba cha uani?"

Nilimjibu kwamba hawajambo. Alipoondoka nilikwenda nyumbani kukagua komeo la chumba cha uani. Kesho yake nikampeleka mama watoto na watoto kwa wakwe zangu, nikasema wakapumzike. Mama watoto akaniangalia akasema, "Wewe Cheche, tangu lini ukamhurumia mama yangu ukamletea wageni wote hawa?" Akafunga mizigo bila kuuliza zaidi. Ndipo nilipojua kwamba anajua.

Sasa kwa mama yako. Yeye ndiye wa juu kabisa, kwa hiyo alikuwa wa mwisho. Mara ya kwanza aliniletea balbu karakana ndani ya mkoba wake, imefungwa kwa leso. "Cheche, hii imenishukia," akasema, kama mtu aliyeokota embe. Nikamsihi. Akaniambia niache kubabaika, nichukue ngazi. Nikairudisha.

Mara ya pili ni hiyo uliyoambiwa na jirani yake, ukanipigia. Ilikuwa chumbani, juu ya Biblia yake, kando ya miwani. Na zulia dogo la mlangoni lilikuwa na alama ya mtu aliyefuta viatu. Mama yako alinionyesha alama ile kwa kidole. "Ona, amefuta viatu," akasema. "Huyu pengine mikono hii ndiyo iliyompokea duniani. Amelelewa." Nilipomwambia hilo ndilo linalonitisha, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Basi leo mchana nimetimiza agizo lako. Nilibeba ngazi, koleo na bisibisi, nikaenda kwake. Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kumwambia umeme wa nyumba yake una hitilafu, niukate, nimlaumu panya. Nimeshawalaumu panya kwa mambo makubwa zaidi.

Nikapanda. Kuchungulia chini, ameishika ngazi.

"Umetumwa na binti yangu," akasema.

"Shangazi, ni panya."

"Panya wa mbali sana huyo. Haya, kata. Mimi ni mzee, siwezi kukuvuta miguu. Ila kwanza niambie, yule mtoto wa vifungo jioni hii atainua mkono wapi?"

Hili hukuambiwa na mtu, kwa hiyo nakuambia mimi. Yule msichana hasemi, lakini kila jioni akitoka kiwandani anapanda uchochoro wote ule katika giza, akishikana mikono na wenzake, na wakifika chini ya taa ya mama yako wanaachiana. Naye anasimama, anaelekea dirishani, anainua mkono. Mama yako anainua wake kutoka ndani. Basi, ni hilo tu, kisha anakwenda kwao. Mama yako anakula chakula baada ya hapo, kabla hajamwona hali.

Nilikaa juu ya ngazi na koleo langu, Bibi Maswali, mimi mwenye jibu la kila mtu. Nilikufikiria wewe. Nilijua unavyokaa huko mbali usiku kucha na simu kifuani. Nikajua pia kwamba nikikata waya ule, wewe utalala, na mama yako hatakula tena vizuri katika maisha yake.

Sikukata.

Nilichofanya ni hiki. Niling'oa kibao cha mama yako. Alipiga kelele, akaniita mwizi wa sadaka, nikamwambia herufi zake zilikuwa zimepinda, alisema mwenyewe. Nikarudi karakana, nikachukua ubao mpya, nikapaka rangi nyeupe, na kwa mkono wangu uliofundishwa na darasa la jioni nikaandika: TAA HII NI YA CHECHE, FUNDI UMEME. UKIWA NA SHIDA NAYO, KARAKANA IKO NYUMA YA KANISA. Nikakipigilia kwa misumari ya kutosha kubeba mlango. Herufi zangu ni kubwa kuliko zote zilizowahi kupigiliwa uchochoroni. Hatimaye nimepata tangazo langu, na Kamati haikunipunguzia hata herufi moja.

Mama yako alikisoma polepole. Aliniwekea mkono mgongoni, hapa katikati, kama alivyokuwa akiniwekea zamani nikiwa na homa, akanipeleka ndani nikale.

Kwa hiyo usinikasirikie sana. Umesema taa ya mama yako izimwe, na kweli mama yako hana taa tena. Ile ni yangu. Wakitaka kumwuliza mtu, wameandikiwa pa kwenda. Leo nitalala sebuleni kwake, kwenye kile kiti kigumu kilichonyooka kama mahakama, mimi na bisibisi yangu ndefu. Nitakuwa macho. Unanijua nikiamua.

Kama utasikia jambo lolote, watoto wangu wasikae sana kwa wakwe, wana tabia ya kulala saa moja. Wachukue wewe. Koleo lenye mpini mwekundu ni la mwanangu wa kwanza, asipewe shemeji, atafungulia chupa. Haya nayaandika kwa mzaha. Lakini usiutupe ukurasa huu.

Msalimie shemeji na umwambie deni la mchezo wa bao nimelisamehe. Msalimie mpwa wangu mwenye kichwa. Yule jirani yako mcheshi aliyenicheka kwenye simu, mwambie nimemzoea. Mama yako anakusalimu na anasema usilie, ule mboga. Mchungaji anakusalimu, anasema anakutaja kila asubuhi, na kwamba mbegu iliyopandwa katika mji huu haijafa hata kama hatuioni.

Mungu akuwekee ukuta wa pande zote huko uliko, na mlango akushikie Yeye mwenyewe.

Ni mimi kaka yako nikupendaye kuliko ninavyojipenda, na unajua hicho ni kipimo kikubwa,

Cheche.

Nyongeza, Jumatano asubuhi.

Mzee wa kanisa ananisubiri nje, anakohoa ili nijue. Naandika haraka.

Sikulala, naapa. Nilikaa kwenye kile kiti usiku kucha, mgongo kwenye mlango. Sikusikia ngazi, sikusikia hatua, mbwa hawakubweka. Mama yako alilala salama, na asubuhi nilizunguka kila chumba, kizingitini hakuna kitu, mezani hakuna kitu, juu ya Biblia hakuna kitu. Nikafurahi kama mjinga. Kisha nikatoka nje nikainua macho, na holda ilikuwa tupu. Kibao changu kilikuwa mahali pake, kimefutwa vumbi.

Nikaja karakana mbio. Kufuli lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikafungua, na balbu ilikuwa juu ya benchi langu la kazi, imesimama, ikining'alia. Mimi hawakunipa ile mara ya kwanza ya kizingitini.

Nimekaa nayo kidogo. Nimecheka pia, kwa sababu kumbe wamekisoma kibao chote mpaka anwani.

Nimeirudisha juu, dada. Ngazi alinishikia mama yako. Jioni zamu ikitoka itawaka.